Kupiga kambi msituni na watoto huku Tanga: namna ya kuchagua pa kulala

Likizo ikikaribia tu maswali yanaanza, watu wa Dar, wa Tanga mjini, wengine wako Moshi huko, wote wanauliza wapi pazuri pa kwenda na hema na watoto, na ukiwasikiliza vizuri wanachotafuta ni picha, yani ukungu, mlima kwa nyuma, mtoto kashika kikombe cha chai. Sawa, picha zipo, mkoa huu hauna shida ya picha. Ila mi nawaambia pa kulala na familia pachagueni mkifikiria usiku. Saa nane ya usiku mtoto wa miaka minne kaamka anataka kukojoa, nje manyunyu, tochi haijulikani iko wapi, bibi nae kashtuka anauliza hicho kinacholia juu ya mti ni kitu gani. Hapo mlipo mtaweza? Kama mtaweza basi hapo ni pazuri hata kama hapana mandhari yoyote ya kuringia watu.

Kitu cha kwanza kabisa kabla hata ya kuuliza bei ya hema, amueni mnataka kulala juu, katikati au chini, maana Tanga ni mkoa mmoja lakini baridi yake na joto lake utadhani ni nchi mbili tofauti.

Juu ni Lushoto, Usambara ya magharibi. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na msitu wa Magamba uliopo hapo juu yake unapanda mpaka unapita mita 2,000. Kufika ni rahisi, unaachana na barabara kuu pale Mombo unapanda lami kupitia Soni, ni kilomita kama 33 tu lakini ni kona tupu, kwahiyo mwenye mtoto anaetapika kwenye gari asimshibishe Mombo, ale akifika. Raha ya juu ni kwamba mbu ni wachache, chakula kipo tele sokoni, viazi, karoti, kabichi, mapeasi na mapichesi kwa msimu wake, na gesti ziko karibu. Shida ni baridi. Mwezi wa sita mpaka wa nane baridi ya Magamba usiku sio ya kujifunika kanga mbili, mtoto aliyezoea joto la Chumbageni atalia usiku kucha, na magodoro ya kujaza upepo ndio yanazidisha maana ubaridi wa ardhi unapita kwenye upepo uliomo ndani, bora mkeka, juu yake blanketi zito, ndio godoro juu yake.

Katikati ni Amani, Usambara ya mashariki, unapandia Muheza. Hapa ndipo napoanzia mimi nikiulizwa. Pako kwenye mita 900 na kitu, sio joto sio baridi ya kuumiza, na ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, ya kwanza nchini kwa aina hiyo. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902, ndio maana ukitembea kidogo unakutana na miti ya kila pembe ya dunia imekaa na miti ya msituni kama majirani. Geti liko Sigi, chini kidogo, hapo zamani palikuwa mwisho wa reli ndogo ya Mjerumani iliyokuwa inashusha magogo, na kutoka getini mpaka Amani yenyewe ni kama kilomita 9 za vumbi kupanda. Sigi kuna nyumba ya wageni, Amani kuna nyumba za wageni, na hiyo kwa familia ni kitu kikubwa sana, nitarudi hapo mwishoni. Yale maua madogo ya zambarau ambayo wazungu wanayaweka kwenye vyungu dirishani, Saintpaulia, asili yake ni huku huku, mkuu wa wilaya wa Tanga wakati wa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndie aliyatuma kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Waonesheni watoto kwenye miamba yenye kivuli, msiyang'oe.

Chini ni pwani, na kwa wengi chini maana yake Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, iko katikati ya Bagamoyo na Pangani, unaweza kuingilia upande wowote. Hapo kuna simba, tembo, Mto Wami una viboko na mamba, na bahari ipo palepale. Nzuri mno. Lakini kwa familia yenye watoto wadogo na ndio mara yao ya kwanza kulala nje mi sishauri waanzie huko, sababu sio woga, sababu ni kwamba Saadani kambi ina sheria moja ambayo mtoto wa miaka mitatu haielewi, jua likizama hutembei ovyo. Subirini mpaka wawe wanasikia wakiambiwa neno mara moja. Halafu kuna mbung'o, wanang'ata hata juu ya nguo, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi kwahiyo jinzi ziacheni nyumbani, vaeni rangi ya kaki au nyeupe iliyofifia.

Sasa msimu. Masika, Machi mpaka Mei, sahau. Sio mambo ya kulowa tu, udongo mwekundu wa Usambara ukinyeshewa unakuwa sabuni, gari linarudi nyuma lenyewe na dereva anaangalia. Likizo ya Desemba watu wengi ndio wanapanga na ndio vuli inakuwa haijaisha vizuri, milimani hasa. Upande wa Amani mvua ya mwaka inakaribia milimita 2,000 na hakuna mwezi wa kusema hapa hainyeshi kabisa, kwahiyo turubai la kufunika juu ya hema ni lazima hata mwezi wa saba. Likizo ya katikati ya mwaka ndio taimu nzuri kwa Amani na pwani, Januari na Februari pakavu pia ila shule zinakuwa zimefunguliwa, labda wikiendi. Lushoto kama hampendi baridi nendeni Septemba au Februari.

Mkishajua wapi, pigeni simu. Msiende kwa kuona kwenye Google Maps alama ya hema mkasema ndio hapo. Misitu ya Amani na Magamba iko chini ya TFS, wakala wa misitu, Saadani ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na huko kote kulala kuna tozo, mtanzania analipa chini sana ya mgeni kwahiyo bebeni vitambulisho, mkiwa na shemeji kutoka nje hesabu yake ni tofauti msije mkagombana getini. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa namba ya malipo, unatumiwa unalipa kwa simu au benki, sasa jamani lipeni mkiwa bado Muheza au Lushoto mjini kwenye mtandao unaoeleweka, sio mnafika getini mko watu saba, simu hazishiki, askari nae hawezi kupokea cash mkononi, mnabaki mnatazamana. Kama ni msitu wa kijiji, ipo mingi tu na mingine mizuri, mwenye mamlaka ni serikali ya kijiji, muone mwenyekiti, shikamoo yake, mueleze mko wangapi na siku ngapi, ataandika na mara nyingi atawapa kijana wa kukaa nanyi. Huyo kijana mlipeni. Kuna watu wanaona ni gharama ya bure, mi naona ndio pesa iliyokwenda mahali pake kuliko zote maana yeye ndie anajua maji yanapita wapi mvua ikija na nyuki wako mti gani. Na mashamba ya chai yanayozunguka Amani yana wenyewe, pale kati ya michai hata kama panavutia vipi hapalaliwi.

Kwenye simu usiulize "pazuri?" kila mtu atakwambia pazuri. Uliza choo ni cha shimo au cha kumwaga maji, na kiko hatua ngapi kutoka mahema yanapowekwa. Uliza maji ni ya bomba au ya kuchota. Gari ya chini inafika? (maana mwenye IST na mwenye Prado wote wataambiwa inafika, wewe uliza mara ya mwisho gari dogo limepita lini.) Usiku kuna mlinzi? Tarehe hiyo kuna kundi lingine, shule au chuo? Hili la mwisho watu hawaliulizi kabisa halafu wanakuta wanafunzi sabini na spika, msitu mzima unacheza singeli mpaka saa saba.

Haya, mmefika. Fikeni saa tisa alasiri, ikizidi sana saa kumi. Jua huku linazama saa kumi na mbili na nusu hivi lakini chini ya miti mikubwa giza linatangulia, na hema likifungwa gizani linafungwa popote. Msishushe mizigo. Watoto wapeni machungwa mliyonunua Muheza wakae kwenye gari wamenye, watu wazima wawili wazunguke kwanza.

Anzeni kutazama juu. Kinachoua watu kambini mara nyingi sio chui, ni tawi. Angalia matawi makavu yaliyoning'inia, mti uliokufa umesimama, mti ulioinama. Mikaratusi ile mirefu ina tabia ya kuachia matawi hata siku hamna upepo, usilale chini yake. Huku chini pwani ni mnazi, kila mtoto wa pwani anajua halali mtu chini ya mnazi lakini wageni kutoka bara wanaona kivuli kizuri na upepo wa bahari wanafunga hema papo hapo. Na Muheza ongezeeni mfenesi. Fenesi moja lililoiva lina kilo za kutosha kuvunja shingo. Miembe haina neno sana ila ukiwa msimu wake mtapigwa na popo usiku kucha, wanakula wanadondosha kokwa juu ya hema, watoto hawalali. Mti mmoja mrefu uliosimama peke yake kwenye uwazi nao uacheni, radi ikija unapiga hapo.

Mkishamaliza juu tazameni chini. Ardhi iwe na mteremko kidogo sana, wa maji kuondoka bila nyie kuteleza kwenye magodoro, ukiwa na chupa ya maji mwaga uone yanaelekea wapi na yanazama au yanatuama. Mkilala kwenye mteremko vichwa vikae juu. Kaeni mbali na kichuguu, hata kile kinachoonekana kimekufa, ndani yake nyoka wanapenda kukaa. Gogo lililooza ni nyumba ya nge na tandu, msiligeuze kwa udadisi na msilifanye benchi. Angalieni kama kuna mstari wa siafu, hasa mvua ikiwa imenyesha jana yake, siafu wakiamua kupita kwenu hakuna mjadala mnahama nyie, wazee wanamwaga majivu kuzunguka hema na inasaidia kiasi, ila dawa ya kweli ni kutokuweka hema kwenye njia yao na kutoacha ubwabwa chini.

Halafu kuna upupu. Jamani upupu. Watu wa mjini hawaujui wanaona mmea unatambaa una maganda yenye manyoya mazuri ya kahawia yanang'aa, mtoto anashika. Pwani na Usambara ya chini umejaa pembeni mwa njia na kwenye mashamba yaliyoachwa, masika yakipita ukikauka zile nywele zinapeperushwa na upepo, hata hujaugusa unakuta shingo inawaka. Mkiuona upande upepo unakotoka, hamisheni kambi bila kubishana. Ukishampata mtoto asikune wala asioge kwa kujisugua, mvueni nguo zote, wengi wanampaka tope au kumpitishia donge la ugali linanasa zile nywele, halafu ndio maji.

Maji ni jambo refu kidogo. Kila familia inataka kulala pembeni ya mto, sauti ya maji, watoto wanaoga, naelewa. Lakini mto wa mlimani unajaa kwa mvua ambayo hamjaiona. Mto Sigi huo unaokwenda mpaka bwawa la Mabayani kuwapa watu wa Tanga mjini maji ya kunywa, unatokea milima ya Amani, kwahiyo nyie mko chini Sigi jua linawaka huku juu kumeshashuka mvua saa nzima iliyopita, maji yanakuja mara moja, mekundu, na magogo. Namna ya kujua mto unafika wapi ni kutazama miti ya ukingoni, utaona majani makavu, vijiti na mifuko ya plastiki imenasa kwenye matawi. Usawa huo ndio mto ulifika. Hema likae juu ya usawa huo, na hata hivo mkae hatua kama sabini kutoka ukingoni, inasaidia na mbu pia, na uchafu wenu usiingie kwenye maji ya watu. Korongo kavu lenye mchanga laini ndio usiweke kabisa, ule mchanga ni laini kwa sababu maji yanaulaza pale kila mvua. Kuoga watoto waoge panapokwenda kasi na pasipo na majani majani, maji yaliyotuama yenye konokono ndio yenye kichocho, na muulizeni mwenyeji kabla, asiwepo mtoto ndani ya maji bila mtu mzima aliye ndani ya maji nae, sio aliye kwenye kiti na simu.

Upande wa bahari kosa ni jingine. Kando ya mikoko au chini ya mivinje unakuta mchanga mweupe mkavu safi, unafikiri bahari iko mbali. Bahari imekupwa tu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo ni bamvua, maji yanapanda juu kuliko ulivyoyaona jana. Tafuta ule mstari wa majani ya bahari yaliyokauka na vifuu, nenda juu yake tena mbali, au muulize mvuvi yoyote atakwambia leo maji yanajaa saa ngapi na yanafika wapi, hawatumii kalenda, wanajua.

Bondeni msilale hata kama ni pakavu. Kwa Lushoto hili ni muhimu, baridi ya usiku inashuka inakaa bondeni, mkipanda kidogo tu kwenye bega la mlima mnaona tofauti. Ila msipande mpaka kileleni kwenye upepo. Upepo wa kusi ndio unavuma miezi hiyo ya katikati ya mwaka, mlango wa hema msiuelekeze kusini, na kama kuna kichaka au mwamba upande huo ndio mkae nyuma yake. Mkiweza kupata mahali jua la asubuhi linapiga mapema, chukueni, mahema yanakauka kabla ya chai na mtoto alieamka na ubaridi anatulia.

Sasa choo na stara, ambako naona wanaume wanaopanga safari hawafikirii kabisa. Choo kikiwa mbali sana usiku hakitumiki, watoto watakojoa mlangoni kwa hema, kikiwa karibu sana kinanuka. Hatua thelathini mpaka hamsini, njia imefyekwa, haina mizizi ya kujikwaa, mnaiona kwa tochi moja. Nendeni mkague mchana, tazama kuna komeo, kuna maji, shimo halijajaa, tundu si kubwa la kumeza mtoto. Mbebee mdogo poti, siku hizi ipo ya elfu chache tu, inaokoa usiku mzima. Kwa akina mama na mabinti, na kama mmekwenda na mama mkwe ndio kabisa, angalieni pa kuoga pana ukuta au mtaweza kuzungusha turubai, maana nimeona familia zinarudi siku ya pili sio kwa nyoka wala mvua, ni kwa sababu hapakuwa na pa kuoga kwa heshima na mtu ameona aibu kusema. Wenye kuswali tafuteni kipande cha ardhi tambarare kisafi mapema, kibla kwa sisi wa Tanga na Bagamoyo ni kaskazini, mkono wako wa kulia ukiwa mashariki jua linakotoka basi umeelekea, na hesabuni maji ya udhu kwenye maji ya siku, familia ya watu sita inayoswali inamaliza ndoo haraka kuliko mlivyopanga.

Jiko liwe mbali na mahema na upepo utoe moshi kwenu uende kwingine. Kwenye hifadhi kukata kuni hakuna, na kuokota nako ulizeni kwanza, mi naona mtungi mdogo wa gesi unamaliza maneno yote. Kiangazi misitu ya pwani majani yanakuwa kama karatasi, mkiruhusiwa moto uwe mahali penye jivu la zamani, fagieni majani pande zote, na mkizima mwagieni maji mpaka muweze kushika kwa mkono. Na hili nalisema kwa nguvu kwa wanaokwenda Lushoto: msiingize jiko la mkaa ndani ya hema kujipasha joto. Hata likiwa limebaki makaa mekundu hayatoi moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu, familia inalala haiamki. Baridi ikizidi vaeni soksi, kofia, jazeni chupa maji ya moto mzifunge kitambaa muwawekee watoto miguuni, mkishindwa ingieni gesti.

Vyakula vilale kwenye gari, vimefungwa. Ngedere na tumbili wa Amani sio waoga, wanajua zipu. Saadani usiku ukiacha ndizi au nanasi ndani ya hema unamuita tembo.

Wanyama wengine ni wa kuwaandaa watoto masikio tu. Usiku milimani kuna perere, mnyama mdogo mfano wa sungura asiye na masikio marefu, anakaa juu ya mti na sauti yake inaanza kama mlango unaokwaruza halafu inapanda inakuwa ukelele wa mtu anayechinjwa. Komba nae analia kama kichanga. Watu wazima wamefungasha saa saba usiku kwa sababu ya perere. Waambieni watoto mchana, wawekeeni mchezo wa atakayemsikia wa kwanza, basi kikilia badala ya kulia nao wanacheka. Alfajiri hondohondo wakipita wanapiga kelele mabawa yanavuma kabisa, na mbega weupe na weusi mtawaona bila kutafuta. Vinyonga mnatazama kwa tochi usiku kwenye matawi ya chini, wanakuwa wamefifia rangi, msiwashike.

Chandarua bebeni kote, hata Amani, kule juu mbu ni wachache lakini njia ya kwenda ni Muheza na Muheza malaria ipo. Kabla hamjafunga hema jueni hospitali iko wapi, kwa Amani ni kurudi Muheza Hospitali Teule, kwa Lushoto ipo ya wilaya mjini, na gari liegeshwe limeangalia njia ya kutokea, funguo mahali wote wanapajua. Nyoka akiuma msifunge kamba wala kuchanja, mlazeni mtu atulie, ule mguu usichezeshwe, ondokeni.

Kuna sehemu moja ya kuchagua ambayo haimo kwenye karatasi za TFS. Ukikuta mbuyu au mkuyu mkubwa, au pango, pamefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe, kuna chupa za marashi, udi, vyungu, hapo ni mzimuni kwa watu, wanakuja kufanya tambiko. Hata ndani ya mapango ya Amboni utakuta watu wameacha vitu vyao. Uwe unaamini huamini, hapo sio pa kufunga hema wala kuanika nguo za watoto, ondokeni kimya, msipige picha za kuchekea, na vitu msiguse. Kijana wa kijiji atawaambia bila hata kuulizwa, nilishasema huyo kijana ana faida.

Sasa lile la nyumba za wageni. Mkizunguka mkaona hapajakaa sawa, choo kimejaa, mti umeoza, wale wenye spika wameshafika, msijilazimishe kwa sababu mmelipa mafuta. Ndio maana nilisema saa tisa. Amani mnaulizia chumba palepale au mnashuka Sigi, mnalala ndani, hema mnalifunga kesho mchana watoto wachezee. Lushoto mnarudi mjini, gesti hazikosekani ila wikiendi ya sikukuu pigeni simu kabla. Saadani mkichelewa laleni kijijini au mtoke mapema, msitegemee kuzunguka hifadhini usiku mkitafuta. Andikeni namba za simu za sehemu mbili za akiba kwenye karatasi, sio kwenye simu, maana simu yenyewe saa hiyo itakuwa na asilimia nne na mtoto ameshaimalizia katuni.